Dawa ni Dawa

Nyasi za Jardin, bustani ya serikali, zilikuwa na meno. Adolphine alizishika kwa viganja alivyovifunga vipande vya kitenge kilichochakaa, akavuta, nazo zikakata kitambaa zikafika kwenye nyama. Akavuta tena. Panga, kupekupe kama wasemavyo kwao, lilikuwa limekatazwa mjini tangu mwanajeshi mmoja alipookotwa amekatwa kwenye njia ya mashambani. Na jembe nalo, alisema kamanda, lina mpini, na mpini ni silaha. Kwa hiyo ile salongo ya Jumamosi, kazi ya bure ya kusafisha mji wao wa Baraka, wanawake waliifanya kwa vidole.

Walikuwa wamepiga magoti kwa mstari kutoka barabara ya soko hadi karibu na ziwa. Asiyejua angedhani wanafanya kazi vibaya. Mstari ulisogea, ukaacha nyuma yake udongo mtupu, na juu ya udongo ule vichaka vidogo vimesimama peke yao kama abiria walioachwa na gari. Hizo zilikuwa lengalenga. Penye jani la kuliwa, mkono ulizunguka. Ndivyo walivyopatana wao kwa wao, na wakubwa wa mji, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameacha iwe hivyo: anayeng'oa nyasi ndiye anayechuma mboga. Serikali inapata usafi, mama anapata kitu cha kutia sufuriani.

"We Mama Rosette," aliita Zainabu, jirani yake, muuza samaki mwenye sauti iliyozoea kupigana na upepo wa ziwa. "Ile ni nyasi ama ni nywele ya mukubwa? Unaivuta na kisirani."

"Ingekuwa nywele yake ningemaliza zamani," Adolphine alijibu. "Ule muzee iko kipara."

Wanawake walicheka huku nyuso zao zikitazama chini, maana kwenye benchi la sementi alikaa mwanajeshi na bunduki yake mapajani.

Jardin ile haikuwahi kuwa ya mtu aliyeilima. Wazungu waliipanda majani ya kuvutia macho, wakakataza mweusi asikanyage isipokuwa amebeba fagio. Kisha ikaja enzi ya Zaire, watu wakaambiwa sasa ni yenu, fagieni mkiimba. Na waliofagia wakiimba, wakikaa kupumzika, wakatozwa faini kwa kukalia mali ya umma. Ikaja vita, ya kwanza, na hii ya pili. Ukipanda milimani kutazama mihogo yako, wale wa pori wanakuuliza umetumwa na nani. Ukishuka na kikapu, hawa wa mjini wanakuuliza umewapelekea nini wale. Wengi walienda shambani wakiulizwa, wakarudi wakiulizwa, na wengine swali la pili hawakulifikia. Basi kipande kile cha serikali, kati ya soko na ziwa, ndicho kilichobaki kuwa shamba la wasio na shamba.

Adolphine alichuma mashada mawili. Binti yake, Rosette, alikuwa nyumbani na mimba iliyompanda hadi kifuani. Mganga wa dispensari alikuwa ameshusha ukope wake wa chini kwa kidole gumba, akatazama, akasema damu imepungua. Vidonge? Akaonyesha kabati. Ndani yake mlikuwa na buibui. "Umupe majani, mama. Mabichi, ya kijani. Kila siku." Ndiyo maana Adolphine alikuwa na haraka na nyasi zile. Kila siku, alikuwa ameambiwa. Na kijani yote aliyoweza kuifikia bila kuulizwa swali ilikuwa pale.

Habari ilianzia sokoni, kama zote. Kuna wageni wakubwa wa maneno ya amani, watakuja na helikopta, itatua Jardin. Na kuna mabido, madumu ya dawa ya kuua majani, yaliyovuka ziwa kwa mashua. Shefu Anatole, mkubwa wa mji, ameyaweka nyuma ya ofisi. Atapiga Jardin yote, iwe safi kama sahani.

Dawa ile waliijua. Kule kambini wanajeshi walikuwa wameipiga kuzunguka uzio. Mbuzi wa Zainabu alipita, akala, akaharisha damu, akafa amejilaza kwenye kivuli cha nyumba kama mtu. Na masika yote pale penye uzio hapakuota hata jani la kufutia mkono.

Wakaenda ofisini, Adolphine mbele, Zainabu ubavuni, wengine nyuma yao wakijaza mlango.

Shefu Anatole hakuwapa viti. Alikuwa anakula mukeke wa kukaanga, samaki mnono wa ziwa lao, akichomoa miiba na kuipanga pembeni ya sahani kwa uangalifu.

"Bamama. Munataka nini? Fupi."

"Shefu, tunasikia iko dawa ya majani ilivuka ziwa. Banasema mutaipiga mu Jardin."

"Na?"

"Tunaomba musiipige. Sisi tutang'oa. Kila siku kama munapenda, haiko Jumamosi tu."

"Mama, mugeni anashuka na helikopta, we unataka akanyage mavi ya mbuzi mu nyasi? Mu miji ya bantu benye kusoma, nyasi banaipiga dawa. Inakwisha. Hakuna muntu mwenye anapiga magoti."

"Kule ku kampi baliipiga, shefu. Mbuzi ya huyu Zainabu ilikula, ikakufa."

"Hiyo mbuzi ilisoma? Tuliweka alama pale."

Karani aliyekuwa dirishani alicheka. Adolphine akangoja kicheko kiishe.

"Hata batoto betu habajasoma, shefu. Mu manyumba ya masomo mulilaza basoda na bunduki zao."

Shefu Anatole aliacha kutafuna. Zainabu alimfinya mwenzake kiunoni, kimya, kama mtu anayezima taa. Lakini shefu hakukasirika. Alijifuta vidole kimoja kimoja, akatabasamu, na tabasamu lile liliwapa wanawake wote pumzi.

"Bon. Munaogopa basoda, njo neno yenyewe? Musikie sasa. Hakuna musoda hata moja mwenye ataingia mu Jardin na ile dawa. Ninabapa neno yangu. Mbele ya Mungu na mbele ya huyu mukeke."

Wakacheka, hata Adolphine. Alilipokea lile neno kama mtu anavyopokea kifurushi kutoka kwa ndugu aliye mbali, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda nalo nyumbani. Hakulifungua kutazama kilichomo.

Hata hivyo walilinda. Kuaminiana ni kuzuri, alisema Zainabu, lakini hata Mwislamu anafunga mlango wakati wa swala. Kwa zamu walianika mihogo Jardini, mihogo ambayo ilikuwa imekauka zamani, wakikaa kando yake na kuigeuza geuza. Mwanajeshi akipita, aliye zamu anakohoa. Akikatisha kati, wanasimama wawili watatu na kuanza kugombana juu ya mkeka, hadi mwanajeshi achoke na kelele za wanawake aende zake.

Asubuhi alipokuja yule aliyekuja, hakuna aliyekohoa.

Alitokea upande wa ziwa, buti za mpira miguuni, pompi ya manjano mgongoni, mkono mmoja kwenye kishikio na mwingine umeshika fimbo ya bomba. Raphaël. Baraka nzima ilimjua mpiga dawa yule wa dispensari hata kwa mwendo. Mwaka ule kolera, kipindupindu, ilipopanda kutoka ziwani, na kaka wa marehemu wakasimama nje ya nyumba na mashati puani, Raphaël aliingia. Kwa Adolphine aliingia. Alimfunga sanda Albert, mume wa Adolphine, akampigia dawa mkeka, kuta, ndoo, kizingiti, mwisho akamwambia mjane anyooshe mikono, akaipiga nayo, akasema, "Sasa unaweza kulia, mama. Mikono yako iko safi." Baada ya hapo alikuwa anapita kila wiki, akiwafundisha wanawake kutia tone la klore, dawa ya kuua vijidudu, katika maji ya kuoshea mboga, na mara nyingi alikaa akala mboga yenyewe, lengalenga hizi hizi za Jardin, akalamba vidole.

Kwa mtu wa Baraka, mwanamume mwenye pompi mgongoni hakuwa jambo la kukohoa. Alikuwa kama kengele ya kanisa.

"Papa Raphaël," Adolphine alisimama, akajikung'uta magoti. "Kolera imerudi?"

Raphaël alitazama ziwa. "Banasema tupige mbele ya mvua."

"Ni bien. Huku ku mwisho batoto ba bakimbizi ba Kilembwe banakunya popote. Anzia huku."

"Na miye unipige kidogo mu mugongo," Zainabu akaomba. "Sijasafishika tangu ndoa yangu ya kwanza."

Raphaël alikuwa mtu wa kucheka. Siku ile hakucheka. Alianza kupiga upande wa ziwa, akirudi nyumanyuma, fimbo ikienda kulia na kushoto, na mvuke mwembamba ukishuka juu ya nyasi. Wanawake walivuta mihogo yao kumpisha. Mmoja alimbebea ndoo ya maji ya kujazia. Alipofika penye lengalenga alisimama. Bomba lilidondosha matone kwenye buti lake.

"Mama, hii mboga…"

"Piga nayo. Si we ulitufundisha? Mboga inaoshwa na dawa."

Hakupiga. Adolphine akadhani anaona aibu kuharibu kazi ya watu. Akainama, akayafunua majani kwa mikono yake mwenyewe, akayageuza tumbo juu ili dawa ifike hadi kwenye shina. "Piga hapa. Na hapa. Kolera inajificha chini."

Akapiga. Mvuke ukamwangukia Adolphine kwenye vifundo vya mikono, baridi. Alinusa. Klore anaijua: inauma pua, inatoa machozi hata kwa asiye na msiba. Hii ilinuka kitu kingine, kama mafuta ya taa yaliyolala ndani ya sabuni.

"Papa, hii haiume pua."

"Dawa ni dawa, mama."

Alimaliza kitalu kile, akamaliza kingine, akaenda hadi barabara ya soko. Jua lilikuwa limeshapanda. Alipokuwa anaondoka alisema bila kugeuka, "Leo musichume. Na kesho musichume. Muoshe mikono yote, na sabuni."

"Aksanti, papa. Mungu akulipe."

Raphaël alisimama kidogo, kama mtu aliyepigwa kijiwe mgongoni. Kisha akaendelea kutembea.

Walitii. Hawakuchuma. Rosette alikula bukari, ugali mtupu, na chumvi, akisema mdomo wake una ladha ya msumari. Baadaye Adolphine akaona lengalenga zimelegea vichwa saa za jua. Kiu, akajisemea, mvua imechelewa. Akateka maji ziwani kwa bido, akazimwagilia shina kwa shina, akirudi na kwenda mpaka kiuno kikamkatika. Alizimwagilia tena kesho yake. Zikapata manjano kwenye kingo, kingo zikajikunja, manjano ikaingia kahawia. Na nyasi vilevile, na matembele, na mche wa pilipili uliokuwa umejiotea kando ya benchi. Vyote pamoja, bila kubagua, kama watu wa kijiji kimoja.

Zainabu alipiga magoti, akachota udongo, akaunusa, akauacha udondoke.

"Mama Rosette. Ni kama ku kampi."

"Hakuna musoda aliingia."

"Hakuna."

Wote wawili walikuwa wanatazama alama za buti za mpira, zilizokauka vizuri kwenye udongo, zikirudi nyumanyuma kutoka ziwani.

Nyuma ya benchi la sementi, mahali ambapo bomba halikufika, mche mmoja wa lengalenga ulikuwa umesimama, mwembamba, wenye majani manne. Adolphine aliuchimba kwa kijiko, akautia kwenye kopo la maziwa, akaubeba chini ya kitenge kama kitu cha wizi.

Alipita kwa Raphaël. Mke wake alifungua mlango nusu, akasema amekwenda Mboko. Nyuma yake, kwenye kamba ya uani, shati la mtu aliyekwenda Mboko lilikuwa linadondosha maji.

Wageni walikuja. Helikopta ilishuka Jardini, ikainua vumbi ambalo mji ule haukuwahi kuliona pale, maana tangu wazungu palikuwa na jani la kulishika. Wanawake walikuwa wameamrishwa kuvaa vitenge vya sikukuu na kusimama mstari. Shefu Anatole alishika kipaza sauti, akageuka polepole akionyesha uwanja mtupu kwa kiganja kilichofunguliwa.

"Waheshimiwa wageni, muone usafi. Hii ni mikono ya bamama betu. Hii ni salongo."

Wageni walipiga makofi. Mmoja wao, mwanamke mwenye miwani ya jua, alikuja kuwashika mikono wale wa mstari wa mbele, akauona mkono wa Adolphine wenye makovu ya nyasi, akautikisa kwa heshima zaidi kuliko mingine.

Shefu alipopita karibu, Adolphine alisema chini chini, "Shefu. Ulitupa neno."

"Nililishika. Uliona musoda?"

Adolphine alishusha macho kwenye udongo mtupu.

"Na banasema we mwenyewe njo ulimufunulia majani." Alisema bila ubaya, karibu kwa upole, kama mtu aliyeshinda mchezo wa karata na hana haja ya kumfukuza aliyeshindwa. "Ucheze, mama. Bageni banaangalia."

Ngoma ilikuwa imeanza. Mwanajeshi wa benchi alikuwa amesimama nyuma ya mstari. Adolphine alicheza. Chini ya miguu yake nyasi zilizokufa zilivunjika kwa sauti ndogo, kama mtu anatafuna.

Mvua ilipokuja ilikuja yote. Ilifagia udongo wa Jardin usio na mizizi, ikaupeleka ziwani, ikapitia kwanza kwenye mwisho ule ambapo watoto wa wakimbizi walikuwa wanajisaidia. Maji ya kunywa ya mtaa ule yalichotwa ziwani. Kolera ilianzia kwa wakimbizi, ikapanda njia ya soko, ikaingia nyumba baada ya nyumba. Rosette aliamka na tumbo lake zito, akafika mlangoni, hakufika chooni. Kufikia asubuhi macho yake yalikuwa yamerudi ndani, na ngozi ya mkono, ukiifinya, ilibaki imesimama.

Raphaël alikuja mvua ilipopumzika. Adolphine alimwona tangu mbali, kwa mwendo, kwa ile manjano ya mgongoni. Aliona pia milango ikifungwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine, mtaa mzima. Zainabu aliburuta meza yake ya samaki akaiweka kwenye kizingiti, akakaa juu yake.

"Mama Zainabu, mupishe muntu apite," Raphaël alimwambia.

"Pita tu, papa. Njia iko kubwa. Mbele, mbele."

Akafika kwa Adolphine. Adolphine alikuwa amesimama mlangoni, mkono huu kwenye mwimo huu, mkono ule kwenye mwimo ule.

"Mama. Nimesikia Rosette anaumwa."

Raphaël alimwelekezea fimbo ya bomba.

"Hii ni klore. Nusa."

"Hata siku ile nilinusa."

Raphaël aliweka ndoo chini. Alikuwa amekonda. "Sikukuambia uongo, mama."

"Hukusema. Njo ubaya yake. Ungesema uongo ningeujua, mi nimeishi na wakubwa. Ulisema dawa."

"Klore ya dispensari ilikuwa ku port, ku bandari. Shefu aliifunga ndani. Akaniambia, we upige Jardin, mi nafungua. Mi nikamwambia, tuma basoda. Akasema hapana, basoda niliapa habataingia, we njo bamama banakupenda." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Mvua ilikuwa inakuja. We ungefanya nini?"

Adolphine aligeuza kichwa. Ndani, Rosette alitapika kitu chepesi kama maji ya mchele. Ilisikika kwenye beseni.

"Alifungua?"

"Nusu."

"Na ile pompi?"

"Mama…"

"Ile pompi, Raphaël."

Hakuwahi kumwita jina tupu. Mwanamume alishusha macho. "Mu Baraka pompi iko moja tu. Unaijua."

"Ni ile ile."

"Niliiosha."

"Na nini?"

"Na mayi."

"Ya wapi?"

"Ya ziwa," alisema Raphaël. "Mara nyingi. Mama, basi acha pompi. Nimubebe, nimupeleke ku hema ya kolera. Kule iko serumu kidogo, mayi ya kutia mu mushipa. Muntu mwenye mimba hangoji."

"Hema mulilipiga na nini?"

Raphaël alivuta mikanda ya pompi mabegani.

"Mama," Rosette aliita ndani. "Mayi."

Adolphine aliondoka mlangoni. Raphaël alishika ndoo yake, akainua mguu avuke kizingiti. Lakini Adolphine alikuwa amesharudi, na alichobeba mkononi hakikuwa kikombe. Kilikuwa kopo la maziwa. Ndani yake lengalenga ilikuwa imeongeza majani, imenyooka, kijani chake kibichi hadi kinaumiza jicho. Tangu siku ile hakuichuma hata jani moja, hata Rosette alipoomba, maana alikuwa anangoja itoe mbegu.

Akaliweka kopo chini, kati ya miguu yake na buti za Raphaël.

"Piga hapa kwanza."

"Mama, Rosette hana…"

"Piga hapa. Tutaona."

"Hautaona kitu." Sauti ya Raphaël ilipanda, kisha ikavunjika. "Hata klore itaichoma. Hii ya nyumba iko kali, jani haliiwezi. Itakauka tu. Itakauka na hii, itakauka na ile. Haitakuambia kitu, mama, ninaapa."

"Sasa mi nitajua je?"

Ng'ambo ya njia Zainabu alikuwa ameshuka kwenye meza yake, amesimama, khanga imeshikwa mdomoni. Hakuna aliyemtazama.

"Nitajua je, Papa Raphaël? Uniambie. We njo unatufundishaka."

Alimngoja kweli ajibu. Raphaël alitazama jani, akatazama giza la mlango nyuma yake, akatazama mkono wake mwenyewe juu ya kishikio. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine ambacho yule mama angekikubali kutoka kwake, alishusha fimbo ya bomba, akabana.

Pompi ilifanya sauti yake. Matone yalikaa juu ya majani, ya mviringo, maangavu, yasiyo na rangi ya kumshtaki mtu.

"Mayi," Rosette alisema tena, safari hii polepole.

Adolphine alichuchumaa mlangoni, mikono imekumbatia magoti. Raphaël alichuchumaa upande wake, pompi ingali mgongoni. Wakaliangalia jani.